Lubero: Mama waliokimbia vita wapewe sindano, si pampasi tu

Katika baridi ya milima ya Lubero, pakiti ya pampasi ikigawiwa, baada ya siku chache imeisha. Mama anabaki kuchagua: pampasi ao unga? Huo ni msaada gani?

Triko kuukuu za sufu, si za nailoni, zafaa. Zikifuliwa kwa maji ya moto, sufu hukaza. Zikikatwa na kushonwa, zinakuwa kifuniko juu ya nepi ya kitambaa. Wenye kusema maji ni machache wajue: sufu huanikwa tu, haifuliwi kila siku, kinachofuliwa ni nepi ya ndani.

Mashirika yalete uzi, sabuni na mashine za kushona. Pampasi hutupwa, kifuniko kitavaliwa hata na mdogo wake.