Filme ya 1967 yetu iko wapi?

Siku ya Mungu iliyopita jirani yangu alituita kwake kuangalia filme. Inaitwa The Three Kings, ilitoka 2020. Inaeleza historia ya makocha watatu wa Scotland: Matt Busby wa Manchester United, Bill Shankly wa Liverpool na Jock Stein wa Celtic. Nilifikiri ni mambo ya mpira tu. Kumbe ni mambo ya mugodi.

Wote watatu balizaliwa mu inchi ya makaa ya mawe, wote balifanya kazi ya mugodi mbele ya kuishi na mpira. Stein alikaa miaka mingi chini ya udongo. Shankly yeye alikuwa kijana wa Glenbuck. Mugodi ulipofungwa akabaki bila kazi, njo mpira ukamuokoa.

Filme inasema kule chini njo balijifunza kutumainia mutu wa pembeni, na fundisho hilo balilipeleka mu ekipe. Mimi nakubali nusu. Baba yangu alishuka miaka mingi: alirudi na bandugu wa kufa na kupona, na maadui vilevile. Mugodi haufundishe kila mutu upendo. Na Glenbuck yenyewe? Mashimo ya makaa yaliikula. Leo kuna jiwe la ukumbusho la Shankly, nyumba hakuna. Batu ya Kolwezi walioona Kasulo, pale batu walichimba mpaka chini ya nyumba zao, hawana lazima niwaeleze zaidi.

Lakini kitu kilichoniuma ni kingine. Tarehe 25 mwezi wa tano 1967, Celtic ya Stein ilipiga Inter Milan 2-1 kule Lisbon, na wachezaji wote wazaliwa wa Glasgow na kandokando yake. Mwaka uliofuata Manchester United ya Busby ikapiga Benfica 4-1, miaka kumi nyuma ya ajali ya ndege ya Munich iliyoua batu 23, wachezaji 8 ndani yao. Sasa niambieni: miaka ile ile, 1967 na 1968, kombe la Afrika lilibebwa na nani? Englebert ya hapa Lubumbashi! Ile tunayoita leo TP Mazembe. Kule Ulaya kombe lilienda kwa batoto wa makaa ya mawe, huku Afrika likaja mu muji wa shaba, mara mbili kwa kufuatana.

Jirani yangu hakujua. Mutoto wangu wa miaka 16 naye hakujua. Yeye anajua 2010, Internacional kupigwa 2-0, Kidiaba anarukaruka na matako. Juu ya nini? Juu picha ziko, anaziona kila siku. Ya 1967 iko paka mu kichwa cha bazee, na bazee banaenda.

Klabu na televizyo ya hapa wana deni hapo, nasema wazi. Lakini tusingoje mwenye makuta mengi. Telefone iko mu mufuko wa kila mutu. Uliza mzee wako: fainali na Asante Kotoko ilikuwa 1-1 kule Kumasi, 2-2 kule Kinshasa, halafu Kotoko hawakufika kwa mechi ya tatu, ninyi mulisema nini siku ile? Mu kambi mulifurahi ao mulikasirika juu ya kombe bila mpira? Na 1968, mulipoitia Étoile Filante ya Lomé mabao 5, kiisha kule kwao mukapigwa 4-1, nani alilala usiku ule? Waulizeni na bazee wa Lupopo. Watatoa habari ingine kabisa, na hiyo pia iandikwe.

Mimi naanza siku ya posho hii. Kuna mzee mumoja mu kambi yetu, miaka 81, kifua kinamusumbua. Bibi yake aliniambia nifike asubuhi, mbele hajachoka kusema.