Ujira wa Msimulizi



J. R. R. Tolkien, Mkatoliki wa Uingereza, alikuwa profesa wa Oxford mwenye watoto wanne. Mshahara haukutosha, hivyo wakati wa likizo alisahihisha mitihani ya shule apate nyongeza. Ni kwenye ukurasa mtupu wa karatasi ya mtahiniwa alikoandika sentensi ya kwanza ya The Hobbit, hadithi ya viumbe wa kubuni iliyotoka mwaka 1937.

Mwaka 1965 kampuni ya Marekani, Ace Books, ilichapa The Lord of the Rings bila idhini yake wala malipo, ikidai sheria ya huko haikukilinda kitabu hicho. Tolkien aliwaeleza wasomaji waliomwandikia barua, nao wakapaza sauti. Hatimaye kampuni ikakubali kumlipa. Wasomaji wale waliipenda hadithi, wakamjali na aliyeitunga.

Nami naungama: nilitumiwa kitabu kizima kwenye simu, nikakisambaza kwa wenzangu nikidhani natenda ukarimu. Ukarimu kwa mali ya nani? Amri ya saba haiishii kwenye kuku na mahindi ya jirani. Katika Luka 10:7 Bwana anafundisha kwamba atendaye kazi ana haki ya malipo yake, na kutunga ni kazi.

Wiki hii, nunua nakala moja halali, iwe ya kitabu au ya nyimbo za kwaya. Huna fedha? Azima ya jirani, usome, urudishe. Kuazima si kudurufu.

Dominika njema.