Kioo Juu ya Maandishi

Katika mabishano yanayowashughulisha watengenezaji wa kompyuta, yapo yale ambayo wenye elimu huyaita mabishano ya sura tu, wakayaachia mafundi wa rangi. Mojawapo ni hili la mtindo wa kioo na mtindo bapa. Wafuasi wa kioo hutaka dirisha la kompyuta lipenye nuru mithili ya chupa, ili kilicho nyuma yake kionekane. Wafuasi wa ubapa hutaka kila kitu kiwe rangi iliyolala, pasipo kivuli, pasipo mng'aro, pasipo unene. Nasema kwamba jambo hili si la sura. Ni jambo la kusoma. Nami, maadam kazi yangu ni kuwafundisha watu kusoma, najiona nina haki ya kuliingilia, wala sikusudii kusimama katikati. Kioo kimeshindwa mbele ya macho yetu zaidi ya mara moja, na kila mara kimerudishwa kwa shangwe kana kwamba hakijapata kujaribiwa.

Yafaa tuanze kwenye asili. Xerox walipouza mashine yao iliyoitwa Star, mwaka 1981, walichora juu ya skrini mfano wa meza ya ofisi: karatasi, majalada, makabati, vikapu vya barua. Mfano huo ulikuwa wa busara, kwa kuwa karani yeyote aliujua kabla hajafundishwa. Miaka mitatu baadaye, tarehe 24 Januari 1984, Apple walitoa Macintosh. Skrini yake ilikuwa na nukta 512 kwa upana na 342 kwa kimo, na kila nukta ilikuwa nyeusi au nyeupe. Hata kijivu chenyewe kilipatikana kwa kuchanganya nukta za namna hizo mbili. Walakini hapana mtu aliyepata tabu kujua dirisha lipi lipo juu ya jingine. Mstari mweusi ulilizunguka kila dirisha, na lile lililokuwa likitumika lilikuwa na milia katika utepe wa jina lake. Ilitosha. Namkumbusha msomaji mashine hiyo dhaifu kwa sababu hoja kubwa ya watetezi wa kioo ni kwamba uangavu humsaidia mtu kutambua kilicho juu na kilicho chini. Kama mstari mmoja na milia sita vilifanya kazi hiyo mwaka 1984, kioo kimekuja kumsaidia nani?

Kilikuja kumpendeza mtazamaji, na waliokileta hawakuficha nia yao. Mwezi Januari 2000, mjini San Francisco, Steve Jobs aliuonyesha ulimwengu sura mpya ya kompyuta za Apple, iliyoitwa Aqua, yaani maji. Vitufe vilikuwa kama matone ya rangi ya buluu yaliyopigwa na mwanga, na Jobs mwenyewe alijisifu kwamba vimetengenezwa vizuri hata mtu atamani kuviramba. Hapana shaka vilipendeza. Lakini kitufe hakirambwi, hubonyezwa. Na mfumo huo ulipowafikia watu mwezi Machi 2001, menyu zake ziliruhusu yaliyo chini yake yachungulie, na utepe wa dirisha lisilotumika ulipenya nuru hata jina lake likachanganyika na maneno ya dirisha la nyuma. Matoleo yaliyofuata yaliupunguza uangavu huo kidogo kidogo, kimya kimya, kama mtu anayeondoa chumvi chunguni wageni wasimwone.

Kisha ikaja zamu ya Microsoft. Windows Vista ilianza kuuzwa kwa watu wote tarehe 30 Januari 2007, na pambo lake kuu lilikuwa kioo kilichoitwa Aero. Hapa nawaomba wasomaji watulie nami, kwa kuwa ushahidi wangu bora umo humo, na umetolewa na watengenezaji wenyewe. Tazama kwanza kwamba kioo kile hakikuwa kioo safi. Yaliyo nyuma yake yalitiwa ukungu, kwa sababu yangeachwa kama yalivyo yasingesomeka maneno ya mbele wala ya nyuma. Tazama tena kwamba ukungu nao haukutosha: nyuma ya jina la dirisha palipakwa wingu jeupe, ili herufi nyeusi zipate pa kukaa. Na tazama mwisho, ambalo ndilo kubwa, kwamba mtumiaji alipolikuza dirisha likaenea skrini nzima, utepe wa juu uliacha uangavu ukawa mweusi mzito. Maana yake nini? Maana yake ni kwamba hatua kwa hatua waliokijenga kioo walikuwa wakikiziba. Kwanza ukungu, halafu wingu, halafu ukuta. Mtu anayefunga dirisha lake la nyumbani kwa pazia, juu ya pazia akaweka turubai, na mbele ya turubai akasimamisha kabati, hawezi kuendelea kutusifia mandhari ya nje.

Lugha yetu inayo neno moja, kioo, kwa vitu viwili: kile unachoangalia vya ng'ambo kupitia kwake, na kile unachojitazamia uso wako. Sijui neno lingine linaloufaa mtindo huu zaidi. Uliuzwa kwetu kwa maana ya kwanza. Mtengenezaji akautumia kwa maana ya pili.

Wanaosoma miswada ya kale ya Kiswahili iliyoandikwa kwa hati za Kiarabu wanaijua dhiki hii bila kuguswa na kompyuta. Karatasi ikiwa nyembamba, wino wa upande wa pili hutokeza upande huu. Nukta isiyo ya herufi hii huonekana kama ni yake, na kwa nukta moja nun hugeuka kuwa ta. Msomaji huinua ukurasa, huuinamisha, huweka karatasi nyeupe nyuma yake, ili apate jambo dogo ambalo kila mwandishi duniani hulihitaji: usuli usiosema kitu. Sijapata kumsikia mtaalamu wa miswada akiusifu wino uliopenya kwamba unampa msomaji hisia ya kina. Iweje basi kilichokuwa ila katika karatasi kiwe uzuri katika skrini?

Wapo watakaosema kwamba ufundi umeendelea, na kwamba ukungu wa siku hizi una akili. Nawajibu kwa hesabu. Jumuiya inayoweka kanuni za intaneti, W3C, ilitoa mwaka 2008 mwongozo unaotaka tofauti ya nuru baina ya herufi za kawaida na usuli wake isipungue 4.5 kwa 1, na kwa herufi kubwa isipungue 3 kwa 1. Mchoraji wa mtindo bapa huweza kuitimiza kanuni hiyo mezani pake, kabla kazi haijatoka, kwa kuwa anazijua rangi zote mbili. Mchoraji wa kioo anaijua moja tu. Ya pili imo katika picha ambayo mtumiaji ataiweka: labda bahari ya adhuhuri, labda harusi ya binti yake, labda ukurasa mweupe alioufungua dakika hii. Ukungu hufuta umbo la picha, lakini haufuti weupe wake wala weusi wake. Ndiyo sababu kioo hulazimika kutiwa rangi nzito hata kikaribie kuwa ubao, na kila kinapokaribia ubao watetezi wake hulalamika kwamba hakipendezi tena. Nao hawakosi, uzuri wake na kusomeka kwake ni vitu vinavyoliana.

Liko pia jambo la gharama, ambalo katika miji yenye utajiri hutajwa kwa kunong'ona. Mashine iliyotakiwa na Vista kwa ajili ya Aero ilihitaji kumbukumbu ya gigabaiti 1 na kumbukumbu ya picha ya megabaiti 128, katika siku ambazo kompyuta nyingi madukani hazikuwa nazo. Toleo la bei nafuu, Home Basic, lilinyimwa kioo kabisa. Na Windows 7 ilipotoka, Oktoba 2009, toleo lake la chini, Starter, lilinyimwa vilevile. Basi kioo kiligeuzwa kuwa kilemba. Aliyekuwa nacho alijulikana kuwa amelipa, na asiyekuwa nacho alijulikana pia. Kwetu, ambako kompyuta ya mwanafunzi aghalabu imekwisha kutumiwa na mtu mwingine ng'ambo kabla ya kutufikia, kila ukungu unaokokotolewa upya dirisha linapovutwa ni nguvu iliyochukuliwa kutoka katika kazi aliyoinunulia mashine hiyo. Na huyu mwanafunzi anasoma menyu katika lugha yake ya pili au ya tatu. Mzawa wa Kiingereza hukisia neno kwa umbo lake hata likiwa limefifia. Mgeni wa lugha hulisoma herufi kwa herufi, na herufi moja ikipotea neno zima limempotea.

Ubapa nao sitauita malaika. Windows 8, iliyotoka Oktoba 2012, ilikitupa kioo cha Aero, jambo jema, lakini katika kusafisha ikatupa na vyombo. Kitufe cha kuanzia, kilichokuwa pembeni mwa skrini tangu mwaka 1995, kiliondolewa, na watu wakaambiwa wapeleke kishale kwenye pembe tupu, wangoje. Kilele hicho cha unadhifu kilidumu mwaka mmoja; Oktoba 2013, katika toleo la 8.1, kitufe kilirudishwa. Kosa la ubapa ni kufuta mipaka. Neno linaloweza kubonyezwa hufanana na neno la kusomwa tu. Mzee mmoja wa idara yetu, msomi ambaye sitamtaja, alikaa mbele ya fomu ya alama za mitihani akaniuliza, "Mwalimu, kwani hapa wanataka nisome au nibonyeze?" Hapakuwa na swali la haki zaidi kuliko hilo. Fumbo ni halali katika shairi, kwa sababu msomaji wa shairi amekaa kulifumbua kwa hiari yake. Mwenye alama mia mbili za kuingiza kabla ya jioni hakuja kufumbua.

Lakini maradhi haya mawili si ya namna moja, na hapa ndipo wanaosema "mitindo yote ina ila zake" wanapokosea. Ubapa hutibika pasipo kufa. Uzungushie kitufe mstari, ukipe kivuli chembamba, nao ubaki bapa na usomeke. Kioo ukikitibu kimekuwa kitu kingine. Microsoft wenyewe wamelithibitisha hilo. Windows 11 ilipotoka, Oktoba 2021, ilikuja na usuli uitwao Mica, ambao huchukua rangi ya picha ya mtumiaji mara moja tu, ukaifanya kuwa pazia zito lisilopenya nuru. Mtumiaji hupata ladha ya picha yake, na maneno hupata ukuta. Nautaja kama ushahidi wa hasimu: ili kioo kifae, ilibidi kisiwe kioo.

Wakishindwa hapo, watetezi hukimbilia neno lao la mwisho: asiyetaka na akizime. Na tukiangalie hicho kizimio. Oktoba 2007 Apple walitoa mfumo uliokuwa na utepe wa menyu unaopenya nuru juu ya skrini. Watu wakalalamika, na Februari 2008, katika toleo la 10.5.2, wakapewa namna ya kuuzima. Mtu angedhani somo limeeleweka. Oktoba 2014 kampuni hiyo hiyo iliunganisha mitindo yote miwili, maandishi bapa juu ya kioo, ikachukua ila ya huku na ya kule. Juni 2025 ikatangaza Liquid Glass, kioo cha majimaji, na Septemba 2025 ikakieneza kwenye simu na kompyuta zake pamoja. Utepe wa menyu ukawa wazi kabisa, na hata wakati wa majaribio kabla ya kutolewa kiasi cha uangavu kilipandishwa na kushushwa. Novemba 2025, katika toleo la 26.1, ikaongezwa nafasi ya kuchagua kioo kilichotiwa rangi zaidi. Mara ya kwanza ilichukua takriban miezi minne kukiri. Mara hii haikufika miwili. Maendeleo hayo nayakubali.

Sidai kioo kifukuzwe kila mahali. Anayetazama filamu na akataka kuisimamisha hana haja ya ubao mzito juu ya nyuso za waigizaji. Hapo kitufe chepesi kinachopenya nuru kina adabu, maana kilicho nyuma ndicho kilichomleta mtu. Na vivyo hivyo katika ramani. Lakini penye barua, hesabu, orodha ya majina, sheria au shairi, kilicho nyuma hakikumleta mtu.

Ninachodai ni kidogo, na kinahusu mahali pa kuanzia. Mashine mpya inapowashwa kwa mara ya kwanza humwuliza mwenyewe lugha yake, nchi yake na saa zake. Imwulize na hili, naye ajibu kabla hajaanza kazi. Na asipojibu, maandishi yakae juu ya usuli mzito. Leo mambo yamewekwa kinyume. Katika kompyuta za Apple uwezo wa kupunguza uangavu upo tangu mwaka 2014, lakini umewekwa ndani ya mlango wa misaada ya watu wenye ulemavu. Msomaji mzima wa macho, mwenye miaka ishirini, anayetaka tu kuliona neno bila picha ya bahari nyuma yake, hana budi kwenda kulitafuta huko.