Kuchapua Kichakataji: Ni Uhuni au ni Maarifa?

Mijadala ya istilahi za kompyuta katika Kiswahili imejikita mno katika majina ya vitu. Wino mwingi umemwagwa katika kuamua iwapo mashine yenyewe iitwe tarakilishi, kompyuta au ngamizi (neno hili la mwisho, ambalo humkumbusha msikilizaji kitenzi cha kuangamiza, halikuwa na bahati nzuri tangu mwanzo). Vitendo vinavyotendwa kwa mashine hiyo, hata hivyo, vimeachwa mlangoni. Kimojawapo ni kile cha kukifanya kichakataji, yaani kile kipande cha silikoni kifanyacho hesabu zote za kompyuta, kiende kwa kasi inayozidi ile iliyoandikwa na kiwanda. Wapenzi wa michezo ya kompyuta wamekuwa wakikitenda kwa miongo kadhaa. Wanapokizungumzia kwa Kiswahili, aghalabu huchukua neno la Kiingereza na kulivisha viambishi, mazungumzo yakaendelea.

Wapo watakaouliza wanafunzi wa Kiswahili wanahusika vipi na mambo ya vijana wanaokesha wakipigana vita vya kubuni kwenye skrini. Swali hilo lina kiburi ndani yake. Lugha isiyoweza kueleza kitendo ambacho wasemaji wake wanakitenda imejinyima uwanja kwa hiari yake. Isitoshe, kitendo hiki kinagusa suala zito kuliko mchezo wowote: ni nani mwenye kauli ya mwisho juu ya kifaa kilichokwisha kununuliwa, mnunuzi au kiwanda?

Jina kwanza. Kulitafsiri neno la Kiingereza kipande kwa kipande hakufai. “Kuzidisha saa” ni somo la hesabu au ni malipo ya kibarua aliyechelewa kutoka kazini, na “kupitisha saa” ni kazi ya wavivu. “Kuongeza kasi” nako ni kupana mno, kwa kuwa hata mtu aliyeongeza kumbukumbu au kubadilisha diski ameiongezea mashine kasi. Kinachofanyika hapa ni mahususi. Ndani ya kompyuta mna mapigo ya umeme yanayokwenda kwa utaratibu usiobadilika, mamilioni kwa mamilioni kila sekunde, na kila hatua ya kazi husubiri pigo lake. Anayetaka mwendo wa haraka huyaharakisha mapigo yenyewe. Kiswahili kina kitenzi cha jambo hilo tangu kale: kuchapua. Mtu huchapua miguu anapoharakisha hatua zake, mpigaji huchapua ngoma anapoyakaribisha mapigo, na chapuo ni ngoma ndogo. Basi kichakataji kichapuliwe. Uchapuaji na mchapuaji vitafuata bila kusukumwa.

Mfano mashuhuri wa uchapuaji ni ule wa Celeron 300A, kichakataji kilichotolewa na kampuni ya Intel ya Marekani mnamo Agosti 1998. Celeron lilikuwa jina la bidhaa za wasiokuwa na fedha nyingi. Zile za kwanza, zilizotoka mapema mwaka huo, zilinyimwa kabisa kumbukumbu ndogo ya haraka ya ngazi ya pili, ile iitwayo kashe, nazo zikadharauliwa na wachezaji kwa uzito wake. Celeron 300A kilipewa kilobaiti 128 za kashe zilizokwenda kwa kasi kamili ya kichakataji. Pentium II, ndugu yake wa kitajiri, ilikuwa na kilobaiti 512, lakini zilikwenda kwa nusu ya kasi.

Kasi yake rasmi ilikuwa megahezi 300, nayo ilipatikana kwa hesabu nyepesi. Mapigo ya msingi yaliyotoka kwenye ubao mama, takriban megahezi 66, yalizidishwa mara 4.5. Kizidisho kilikuwa kimefungwa kiwandani. Mapigo ya msingi hayakufungwa, na mwaka huo huo zilikuwa zimeanza kuuzwa mbao mama zenye uwezo wa megahezi 100, zilizokusudiwa Pentium II mpya. Mchapuaji alibadilisha mpangilio mmoja tu, akawasha mashine, akakuta kichakataji chake kinakwenda kwa megahezi 450. Pale ambapo ubao mama haukumpa nafasi ya kuchagua, alikibandika kipande cha tepu juu ya mguso mmoja wa kichakataji, ule ujulikanao kama B21, ubao ukadhani umepewa kichakataji cha megahezi 100. Mwezi huo huo Intel ilitoa Pentium II ya megahezi 450 kwa bei ya jumla iliyozidi dola 600. Celeron 300A kilikuwa takriban dola 150. Katika michezo ya enzi hizo, kama vile Quake II, tofauti ya wawili hao baada ya uchapuaji ilikuwa ndogo mno.

Lipo jambo jingine katika kisa hiki ambalo husahauliwa. Mapigo ya msingi hayakiendeshi kichakataji peke yake. Nyaya za kadi nyingine na za diski nazo huyategemea, baada ya kugawanywa. Kwa megahezi 100 mgawanyo ulikuwa wa tatu, nyaya hizo zikabaki kwenye megahezi 33 zilizo halali yake. Aliyesimama katikati, kwenye megahezi 83, mgawanyo wa mbili ulimpa zaidi ya 41, akajihatarisha kuharibu data iliyokuwa kwenye diski. Ndiyo sababu hatua ndefu ilikuwa salama kuliko hatua fupi. Ndiyo sababu pia Celeron ya megahezi 333, iliyokuwa ghali zaidi, haikupendwa sana na wachapuaji. Kizidisho chake cha 5 kiliitaka ifike 500, na nyingi hazikufika.

Usione vyaelea, vimeundwa. Je, ziada hiyo ilitoka wapi? Vichakataji hukatwa kutoka katika sahani moja ya silikoni, kisha hupimwa na kupangwa katika madaraja. Kiwanda kinapokwisha kuizoea kazi yake, vichakataji vingi huweza kupita daraja la juu. Soko nalo huhitaji vya bei nafuu kwa wingi. Matokeo yake ni kwamba kichakataji chenye uwezo mkubwa hupigwa chapa ya uwezo mdogo ili kiuzwe. Tarakimu iliyo juu yake, kwa hiyo, ni ahadi ya muuzaji kwamba hakitapungua hapo. Haielezi kikomo cha maumbile yake. Anayemwita mchapuaji mhuni hana budi kwanza kueleza ni nani aliyeibiwa.

Hata hivyo, pasidhaniwe kwamba uchapuaji ni bure. Joto la kichakataji hukua sambamba na mapigo, na hukua kwa mraba wa volti. Mwenye Celeron 300A aliyefika megahezi 450 bila kugusa volti aliongeza joto kwa takriban nusu. Yule ambaye chake kilikataa kusimama imara hadi alipopandisha volti kutoka 2.0 hadi 2.2 aliongeza kwa takriban asilimia 80, na feni iliyokuja na mashine haikutengenezwa kwa hayo. Dhamana ya kiwanda hukoma papo hapo. Tena, mchezo ambao umekwamishwa na kadi ya michoro hauongezi hata picha moja kwa sekunde kichakataji kikichapuliwa. Wengi wamepika vichakataji vyao kutibu ugonjwa uliokuwa kwenye kadi.

Kuhusu kufuli, upande wa viwanda una hoja moja ya kweli. Katika miaka ya 1990 walikuwapo matapeli waliofuta tarakimu za vichakataji, wakaandika kubwa zaidi, na kuwauzia watu wasiojua. Lakini kufuli lililowekwa kwa kisa cha tapeli limeendelea kukua muda mrefu baada ya tapeli kuondoka. Tangu 2011 Intel ilifungamanisha mapigo ya msingi na sehemu nyingine nyingi za mashine hivi kwamba hayapandi ila kidogo, na kizidisho kilicho wazi kikawa bidhaa ya kulipiwa, chenye herufi yake maalumu. Mwaka 2014 kampuni hiyo ilitoa Pentium G3258 cha bei nafuu kikiwa wazi, kuadhimisha miaka 20 ya jina Pentium, jambo linaloonyesha kwamba ufunguo upo na hutolewa kwa hisani. Watengenezaji wa mbao mama walipopata mlango wa nyuma wa kuvichapua vichakataji vya kawaida, majira ya mwisho wa 2015, mlango huo ulizibwa miezi michache baadaye kwa masahihisho ya programu. AMD iliacha vizidisho vya Ryzen wazi ilipovitoa 2017, na dunia haikuanguka.

Hapa Kenya suala lina sura yake. Kompyuta nyingi zinazouzwa kwa wanafunzi ni zile zilizokwisha kutumika maofisini ng'ambo. Kwa kawaida programu ya msingi ya mashine kama hizo, BIOS, huficha kabisa mipangilio ya mapigo, kwa kuwa karani hakutarajiwa kuihitaji. Hivyo basi yule mwenye kichakataji cha zamani, ambaye uchapuaji ungemfaa kuliko yeyote, ndiye aliyefungiwa nje. Aliye na fedha za kununua ubao ulio wazi na kipoza joto kikubwa mara nyingi angeweza kununua kichakataji bora tangu mwanzo. Vichakataji vya sasa navyo hujichapua vyenyewe kila joto linaporuhusu, na havimwachii mmiliki ziada kubwa. Wakati mwingine hata kiwanda hupita kiasi: mwaka 2024 Intel ilikiri kwamba volti zilizopita kiasi zilikuwa zikivichakaza baadhi ya vichakataji vyake vya mezani vya kizazi cha 13 na cha 14. Mmiliki hakuwa amegusa kitu.

Kwa mwenye kipakatalishi kikongwe kuna kinyume cha uchapuaji, nacho pia hakijapewa jina. Volti hupunguzwa hatua kwa hatua, mapigo yakiachwa yalivyo au yakishushwa kidogo, hadi pale mashine inapoanza kuyumba, kisha hurudishwa hatua moja. Pale ambapo mtengenezaji hajaufunga mpangilio huo, feni hupunguza kelele na betri hudumu zaidi. Mchezo uliokuwa ukikwama baada ya dakika 10, kwa sababu kichakataji kilijipunguza mwendo kujiokoa na joto, huweza kwenda bila kusita. Kuuita utaratibu huu “kutuliza” kungetosha, ngoma ikiwa ndiyo iliyotupa neno la kwanza.