Mashine Ipewe Namba, Mtu Apewe Maneno

Leo nina neno na wenzangu tunaotengeneza zana za kukagua msimbo, zile ziitwazo linta. Kwa asiyezijua: linta husoma programu yako kabla hujaiendesha na kukuonyesha penye walakini, kwa mfano jina ulilolitangaza kisha ukalisahau. Zilipata jina kutoka kwa lint, programu ya Stephen Johnson wa Bell Labs, miaka ya 1970.

Zamani zile ripoti ilisomwa na mtu. Siku hizi msomaji wa kwanza mara nyingi ni programu nyingine: kihariri kinachopiga mstari mwekundu, au seva inayokataa msimbo wenye kasoro. Hata hivyo wengi wetu bado tunaisomesha mashine sentensi zilizoandikiwa watu. Tunatafuta neno "error", tunahesabu, basi!

Ugonjwa huu naujua. Hapa Kangari nilimwandikia mama mmoja mwenye duka programu ya kusoma SMS za malipo ya simu na kujumlisha mauzo. Ilitafuta maneno ya Kiingereza. Siku moja akabadilisha lugha ya menyu iwe Kiswahili, haki yake kabisa. Jioni jumla ikawa sifuri na programu haikulalamika hata kidogo. Akanipigia: "Kijana, pesa zangu ziko wapi?" Pesa zilikuwepo. Kosa lilikuwa langu, kwa kuifanya sentensi kuwa data.

Linganisha na Daraja, mfumo ambao Safaricom iliuzindua mwaka 2017 ili programu zizungumze na M-Pesa. Ukimwomba mteja alipe kwa simu yake, jibu huja na ResultCode na ResultDesc. Namba 0 ni malipo yamefaulu, 1032 ni mteja ameghairi. Namba ni ya mashine, maelezo ni ya mtu.

Linta nazo zifuate njia hiyo. Kwa maoni yangu mambo ni matatu.

Kwanza, kila kosa liwe na kitambulisho cha kudumu. ESLint huweka ruleId kando ya ujumbe. Ujumbe ukiandikwa upya, hakuna kinachovunjika.

Pili, mahali pa kosa pahesabiwe kwa namna iliyotajwa wazi. JSON ya zamani ya ShellCheck huhesabu Tab kwa hatua za herufi 8, kwa hiyo kihariri kinachoihesabu kuwa herufi moja hupiga mstari pasipo na kosa. Walichofanya nakisifu: hawakuibadilisha kimyakimya, bali waliongeza json1, ambamo Tab ni herufi moja. Pylint nayo ilileta json2 mwaka 2023 bila kuifuta ile ya kwanza. Ukibadilisha umbo, badilisha na jina.

Tatu, na hili ndilo lililoniumiza dukani: "sikuona kosa" na "sikuweza kukagua" visifanane. ESLint ikimaliza na 0, imekagua na haikuona kosa. 1, kuna makosa. 2, yenyewe imekwama. Orodha tupu peke yake haithibitishi chochote.

Kwa nini nalivalia njuga jambo dogo hivi? Kwa sababu ya lugha. Maadamu programu zinategemea sentensi za Kiingereza, nani atathubutu kuzitafsiri? Atavunja kazi za watu! Mashine ikishapewa namba yake, sentensi inakuwa huru. Kijana anayejifunza hapa Kangari anaweza kusoma: "Jina 'jumla' limetangazwa lakini halijatumika." Ataelewa mara moja, na seva haitajua kwamba lugha imebadilika.

Kwa hiyo wewe unayetengeneza linta, kabla ya kuongeza kanuni ya mia moja, itazame kwanza ripoti yako. Jaribu kubadilisha sentensi moja tu ndani yake. Kuna kitu kimevunjika? Basi kazi ya leo ndiyo hiyo.