Msingoje Dawa za Kwenye Begi

Ndugu zangu wa Tanga, na kila mwenye jamaa ughaibuni,

 

Kila akitokea msafiri wa kutoka huku Leicester kuja huko, ujumbe humiminika: tutumie simu, tutumie viatu, na siku hizi, tutumie dawa za presha "za Ulaya". Hayo mengine tutayaangalia. Hili la dawa linaninyima usingizi.

Dawa ya presha hunywewa kila siku, na kwa walio wengi ni ya maisha yote. Msafiri haji kila mwezi. Juzi nilimuuliza mjomba anakunywa nini sasa, akanijibu kwamba vile vidonge viliisha kabla ya Ramadhani, anasubiri vingine. "Na hata hivyo mwanangu nilipima, 130 kwa 80. Nimeshapona."

Mjomba wangu, hiyo 130 ilikuwa kazi ya dawa. Vidonge hivi haviondoi ugonjwa, vinaushikilia chini. Ukiviacha presha hupanda tena, na mara nyingi hupanda kimyakimya, kichwa hakiumi, unakula na kulala vizuri, huku mishipa ya ubongo, moyo na figo inaumia. Tena ziko dawa, kama atenololi, ambazo kuziacha ghafla kunaweza kuudhuru moyo wenyewe.

Na hizo za Ulaya ni zipi? Mwongozo wa madaktari wa hapa Uingereza unasema mtu mwenye asili ya Afrika asiye na kisukari cha aina ya pili aanzishiwe dawa za kundi la amlodipini. Ndiyo hiyohiyo mnayouziwa huko. Mwaka 2019 yalitoka matokeo ya utafiti uitwao CREOLE, uliofanywa kwa Waafrika katika nchi sita, Kenya na Uganda zikiwamo. Waliopewa amlodipini pamoja na haidroklorothiazidi, au pamoja na perindoprili, presha yao ilishuka zaidi kuliko ya waliopewa hizo mbili bila amlodipini. Nunueni kwenye duka la dawa linaloaminika, kwa cheti cha daktari, msidharau kidonge kwa kuwa ni cha bei nafuu.

Najua wengine mmeacha kwa sababu msizozisema. Amlodipini huweza kuvimbisha vifundo vya miguu. Enalaprili na lisinoprili huweza kuleta kikohozi kikavu kisichokwisha, mtu akadhani ana kifua. Za kukojoza zinamsumbua mama aendaye safari ya basi. Mwambieni daktari hayo waziwazi, atabadilisha dawa au dozi. Mwambieni pia kama mnameza diklofenaki kwa ajili ya magoti, maana hupandisha presha. Na mwezi wa kufunga, kidonge cha mara moja kwa siku daktari anaweza kukihamishia wakati wa futari au daku.

Sasa nanyi wenzangu wa huku. Mtu akianguka kwa kiharusi, kundi letu la WhatsApp huchanga usiku uleule, na Mungu atulipe kwa hilo. Lakini fedha za vidonge vya kila mwezi hakuna anayeziulizia. Tuzitume kwa tarehe maalumu, kama tunavyotuma ada za shule. Na kwenye begi tuweke kipimo cha presha, kile cha kufunga juu ya kiwiko. Hicho hununuliwa mara moja kikakaa miaka. Anayepimwa akae kimya dakika tano, mgongo umeegemea, mkono juu ya meza usawa wa moyo, kisha namba ziandikwe kwenye daftari na daftari liende kliniki.

Mjomba, fedha ya mwezi huu nimeituma kwenye simu ya binti yako. Jumatatu nendeni pamoja zahanati, umweleze daktari ni lini uliacha dawa, na binti yako naye apimwe, kwa kuwa presha huweza kurithiwa na ameshavuka miaka arobaini.

Mpwa wako,
Leicester