Ordinatere inajua Kiswahili cha nani?

Jaribu hii nyumbani: iambie simu yako kwa sauti, "Niko naenda ku soko kutafuta ndakala", halafu usome itakachoandika.

Ordinatere haielewi lugha vile mama muuza samaki wa Kalundu anaielewa. Inahesabu tu: neno gani linafuata lipi, ndani ya mamilioni ya sentensi zilizoandikwa na watu. Na Kiswahili kilichoandikwa kwa wingi ni cha Dar es Salaam na Nairobi. Kigoma wanasema dagaa na migebuka, sisi ndakala na mikebuka. Bujumbura, hapo jirani tu, mikebuka ni mukeke.

Wataalamu wanajua hiyo tofauti. Katika orodha ya kimataifa ya lugha, Kiswahili cha pwani kina alama swh, cha Kongo swc. Lakini Meta ilipotoa programu ya kutafsiri lugha 200 mwaka 2022, swh, Lingala na Kirundi vilikuwamo. Swc hapana. Kifuliiru na Kibembe, usiulize (Kibemba kilichomo ni cha Zambia).

Ni mambo ya afya pia. Mwaka 2020, mradi wa TICO-19 ulitafsiri habari za Covid kwa Kiswahili cha Kongo vilevile. Ilikuwa lazima: hapa kwetu Uvira, mtu anajua kolera, masini itamwandikia kipindupindu.

Wasemaji tuko wengi. Kinachokosekana ni sauti zilizorekodiwa na kuandikwa neno kwa neno, na redio zetu zina sauti za miaka. Kabla ya kuzitoa, lakini, yule mama aliyepiga simu studio ataulizwa na nani?